Pembe Iliyojibiwa Uwanjani

Saa nane na robo mchana, Jumamosi, na Silasi Wanzagi bado ana robota moja la kupakia.

Wanaume wanne wanalibingirisha juu ya mbao mbili zilizoegemezwa kwenye bodi la lori, nje ya kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bunda. Silasi yuko upande wa chini, ambako uzito wote unaangukia. Robota moja la pamba iliyoshindiliwa lina karibu kilo mia na themanini. Vumbi la pamba limemjaa kwenye nyusi na masikioni, na akikohoa anageuza kichwa asiwakoholee wenzake.

Lori likishafunikwa turubai, wenzake watatu wanakimbilia bombani. Wananawa uso na miguu, wanavaa mashati safi waliyoyatundika ukutani tangu asubuhi, kisha wanaondoka mbio kuelekea uwanjani, upande wa Manyamanyama. Leo timu ya kiwanda, Robota, inacheza mechi ya kujipima nguvu. Jumapili ya wiki ijayo ina fainali ya mkoa mjini Musoma.

Silasi ananawa polepole. Akitoka langoni anashika njia ya upande wa pili, ya kurudi kijijini.

"Mi siendi," anasema kabla ya kuulizwa. "Wanajua kama siendi. Lakini kila Jumamosi lazima mmoja aniulize."

Mwaka jana asingeweza kusema hivyo. Huyu mpakiaji wa miaka arobaini na mmoja, mwenye mshahara wa shilingi mia tatu na arobaini kwa mwezi, ndiye alikuwa uwanja wenyewe. Wachezaji wa Robota walikuwa na sifa zao, lakini ukiuliza kwa nini wageni waliingia Bunda miguu ikiwa mizito, ungetajiwa Silasi na pembe yake.

Pembe hiyo ni ya tandala, ndefu kama mkono wa mtu mzima, imetobolewa ubavuni. Zilikuwa mbili, za mnyama mmoja, na baba yao aliziacha kwa wanawe wawili: moja kwa Silasi, ya pili kwa mdogo wake, Ngolo. Sauti zake zilifanana sana, ungedhani ni moja.

Zamani kila familia iliishi kwenye boma lake, mbali na jirani, na pembe ndiyo ilikuwa simu, ndiyo polisi. Mipulizo mitatu mirefu maana yake ng'ombe wanaibwa. Aliyesikia alijibu kwa mirefu mitatu: nimesikia, nakuja. Mwanamume aliyebaki nyumbani baada ya hapo alitozwa mbuzi, na aibu yake ilidumu kuliko huyo mbuzi.

"Ulikuwaga unaacha hata chakula mdomoni," anasema Silasi. "Baba alikuwaga anatuambia, ukijibu pembe umeapa. Hakuna kujibu halafu ukakaa."

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamishia Juhudi, kijiji cha ujamaa kilichopangwa kwa mistari, chini kidogo ya uwanja wa mpira. Ndugu hao wawili walijenga nyumba zinazopakana. Silasi akapata kazi kiwandani, Ngolo akabaki na ng'ombe wa familia tatu.

Robota ilikuwa ndiyo kwanza imeundwa, na uwanja wake ulikuwa unatia huruma. Watu walikuja wengi, wakakaa kwenye nyasi, wakatazama. Bao likiingia walipiga makofi ya adabu, kama waliosomewa taarifa ya ushirika.

"Ilikuwa aibu," anasema Ndugu Thadeo Alfonsi, karani wa mizani kiwandani na katibu wa timu. "Tunafungwa nyumbani kwetu, na mtu unasikia mpaka refa akikohoa."

Thadeo ndiye aliyemwomba Silasi alete pembe. Kwa kuwa pembe si kitu cha kuchukua tu na kwenda nacho mpirani, Silasi alikwenda kwanza kwa balozi wake wa nyumba kumi, Mzee Magige Wambura. Balozi alimruhusu kwa sharti moja: apulize mifupi miwili, asithubutu kupuliza mirefu mitatu. Silasi akaahidi.

Ahadi ilikaa dakika sabini.

"Nilipuliza mifupi. Watu wakanigeukia, wakacheka," anakumbuka. "Tumefungwa moja, muda unaisha, na wao wanacheka. Hasira ikanipanda. Nikavuta mirefu mitatu."

Uwanja mzima ulisimama. Wazee walinyakua fimbo zao. Wanaume kadhaa walishafika barabarani wakiulizana ng'ombe wamepitishwa wapi, ndipo wakaelewa. Walirudi wakicheka, lakini damu ilikuwa imeshachemka, na hakuna aliyekaa tena. Wanawake walianza vigelegele. Mtu mmoja akapata debe la mafuta ya taa, likapigwa mpaka likabonyea. Kipa wa wageni aliuachia mpira uliokuwa tayari mikononi mwake, Robota wakasawazisha, kisha wakashinda.

Kuanzia hapo mifupi ilisahauliwa. Watu walikuja kutoka Butiama, wengine kwa lori kutoka Musoma, na wengi wao hawakujua hata golikipa anaitwa nani. Walikuja kunyanyuliwa.

Ukimuuliza Silasi namna kelele inavyotengenezwa, anaeleza kwa utulivu wa fundi.

"Uwanja hauchemkagi wenyewe. Mtu akikaa anatazama. Akisimama na yeye anacheza. Sasa kazi yako ni kumnyanyua. Bao likiingia usipulize, hapo watapiga kelele wenyewe. Puliza timu ikizidiwa, watu wakianza kunong'ona. Na usipulize kila saa, wataizoea."

Anaposema neno hilo la mwisho anainamisha uso. Maana waliizoea. Kwa karibu mwaka mzima, kila Jumamosi, kijiji cha Juhudi kilisikia mirefu mitatu na hakuna ng'ombe aliyeibwa. Akina mama walijifunza kufuata mechi kwa pembe wakiwa shambani. Mzee Magige, mwenye sharti lake, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika uwanjani.

"Siku ya kwanza nilimgombeza," anasema mzee huyo. "Siku ya pili nikasimama na mimi. Nisikudanganye, ndugu mwandishi, ilikuwa tamu."

Jumamosi ya Julai 17, mwaka huu wa 1976, Robota ilicheza nusu fainali na timu moja ya Musoma. Ngolo alikuwa bondeni nyuma ya kilima, kilomita mbili kutoka uwanjani, na ng'ombe thelathini na wanne. Yapata saa kumi na nusu wakatokea wanaume wenye mikuki na mishale. Ngolo aliweka pembe mdomoni.

Kijijini ilisikika. Wankyo, mke wa Ngolo, alikuwa uani akichambua pamba chafu na safi kabla ya kuipeleka kwenye mizani.

"Niliisikia vizuri kabisa," anasema. "Nikawaambia watoto, baba yenu mkubwa huyo, leo amekazana. Nikaendelea na pamba yangu."

Mzee Magige alikuwa nyumbani pia, goti likimsumbua. Yeye jibu lake ni fupi zaidi.

"Nilisikia. Nikasema, bao."

Uwanjani, Robota walikuwa nyuma kwa bao moja. Silasi alikuwa amemaliza kupuliza na kuishusha pembe, vigelegele na madebe yamepamba moto, ndipo akasikia mirefu mitatu ikitoka mbali, nyuma ya goli.

"Nilidhani kuna mtu amekuja na ya kwake, ananijibu," anasema. "Nikafurahi. Mi nilifurahi, ndugu yangu. Nikamjibu mitatu. Watu wakalipuka."

Pembe ya mbali ilipulizwa tena. Silasi akaijibu tena. Robota wakasawazisha, na katika kelele zile wakaongeza la pili. Mara ya tatu pembe ya mbali haikulia.

"Nikasema amechoka." Silasi anajifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la pamba. "Sauti ya mdogo wako unaweza kuisikia usiitambue? Kelele yenyewe nilikuwa nimeitengeneza mimi."

Ngolo aliokotwa jua likizama, mkuki umemwingia ubavuni. Alifia hospitali kesho yake asubuhi, Wankyo akiwa ameshika mkono wake. Mjane huyo wa miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wanne, ameyarudia maneno ya mumewe mara nyingi kiasi kwamba sasa anayasema bila machozi.

"Alisema, 'Walinijibu. Nikajua wanakuja, nikawashikilia wale watu.' Njia ya kupanda mawe ilikuwa wazi, angekimbia. Alijibiwa mara mbili, akabaki. Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa anashangaa tu, kwamba mbona hamkufika."

Tuko uani kwake, na Silasi amekaa hatua tatu kutoka kwa shemeji yake, anasikiliza. Wankyo hamwangalii.

"Kama shemeji angenyamaza tu, mume wangu yuko hai," anasema. "Ng'ombe wangekwenda. Walikuwaga wanakwenda, na tunaanza upya."

Robota walishinda mbili kwa moja. Jambo hilo linatajwa hapa kwa sababu Bunda nzima ndilo inalolikumbuka kuhusu siku ile.

Ndugu Thadeo anasema msiba ule ulikuwa wa wote. Timu ilituma gunia la mahindi, na kabla ya mazoezi yaliyofuata wachezaji walisimama kimya dakika moja. Dakika moja, baada ya mwaka mzima wa makelele. Huo ndio ukimya wote aliopata Ngolo kutoka uwanjani.

Fainali iliahirishwa, si kwa ajili ya marehemu, bali kwa sababu malori yote yalikuwa yanasomba pamba. Kwa wiki tano hizi katibu amefika Juhudi mara tatu kumwomba Silasi arudi.

"Ndugu Silasi ni mfanyakazi, na timu ni ya wafanyakazi," anasema. "Bila yeye kelele zipo, lakini hazina kichwa. Musoma tutakwenda kama mayatima."

Silasi hana tena pembe ya kupuliza. Aliilaza kaburini pamoja na Ngolo, mkono wa kulia. Alidhani kwa kufanya hivyo amemaliza jambo. Jumamosi iliyofuata zilisikika pembe tatu uwanjani, za ng'ombe, vijana wamezitoboa wenyewe. Sasa zinafika tisa. Wote wanapuliza mirefu mitatu, maana ndiyo waliyofundishwa.

Tukiwa bado uani kwa Wankyo, zinalia. Mirefu mitatu, safi, kutoka juu ya kilima. Mwanamke wa nyumba ya pili anaendelea kutwanga. Mzee mmoja anapita njiani na jembe lake wala hageuzi shingo.

"Umeona?" anauliza Silasi. "Wangekuwa wanatuua, si tungekufa hivi hivi?"

Ndiyo maana haendi mpirani. Kando ya nyumba ya mjane amesimamisha nguzo mbili za mti na kuning'iniza ringi ya tairi la lori, aliyoiomba gereji ya kiwanda. Jioni baada ya kazi huongozana na Mzee Magige nyumba kwa nyumba. Hawaombi mchango wala hawapeleki barua. Wanamtaka kila mtu mzima aape kwa mdomo wake kwamba ringi ni ya wezi na moto tu, na kwamba akiisikia atatoka. Juhudi ina nyumba themanini na mbili. Sitini na tano zimeapa. Kwenye nyumba nyingine wamechekwa, na kwenye moja waliambiwa waanze kwa kuwanyang'anya vijana pembe.

"Wana haki kunicheka," anasema Silasi. "Mi ndo niliharibu. Lakini nitarudi tena kwao, na tena."

Saa kumi na moja mechi imekwisha. Ndugu Thadeo anashuka kutoka uwanjani na shati limelowa jasho, sauti imemkauka kwa kushangilia. Robota wameshinda tatu bila. Anasalimia, anampa Wankyo pole kwa mara nyingine, kisha macho yake yanatua kwenye ringi. Anaokota jiwe na kuigonga mara moja, kwa nguvu.

Mlio unakwenda mpaka ng'ambo ya kilima. Mchi wa jirani unasimama hewani. Mlango wa Mzee Magige unafunguka kwa kishindo, na balozi anatokea akichechemea kwa goti lake bovu, mkuki mkononi. Nyuma yake wanakuja wanaume wengine watano, mmoja akiwa na sabuni nusu ya uso.

"Poleni, wazee wangu, poleni," anasema katibu huku akicheka kwa aibu. "Nilikuwa naijaribu tu." Wazee hawacheki. Thadeo anaigeukia ringi tena, anaipapasa kwa kiganja. "Hii ni kiboko, Ndugu Silasi. Inaishinda pembe mbali kabisa. Jumapili ya fainali tuazime, siku moja tu. Jumatatu asubuhi iko hapa."

Silasi anamfungua vidole, anachukua lile jiwe na kulitupa mbali, kwenye shamba la mihogo. Wanaume waliotoka nyumba zao wamesimama wanamtazama, na Wankyo naye, kwa mara ya kwanza jioni hii, anamwangalia shemeji yake usoni.

"Ndugu mwandishi, andika hivi hivi ninavyosema, usirembe," anasema. "Timu ile naipenda mpaka leo. Lakini mi naomba Jumapili Robota ifungwe. Ifungwe nyingi, watu warudi nyumbani kimya. Mtu akirudi kimya, anasikiaga."