Baba Alikuwa Golini

Wiki iliyopita nilimfokea mwanangu mpaka jirani akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani nyumba inaungua. Hakuna kilichokuwa kinaungua. Mtoto wa miaka minane alikuwa amekaa kizingitini na simu yangu, anacheza gemu lake la kupika na kuendesha mgahawa, na gemu likamwambia kuna nyongeza mpya: jiko jipya, vyombo vipya, wateja wapya, vyote bure, apakue tu. Simu ikasema imejaa, afute kitu. Akafuta. Basi.

Alichofuta ni video aliyoirekodi mwenyewe, ya mbuzi wa jirani anatafuna kandambili. Angeniuliza ningemwambia afute, maana nimechoka kuitazama. Lakini nilipokiona kile kidole kinabonyeza, na uso umejaa raha ya kitu cha bure, nikalipuka. Nilimpokonya simu. Nilisema maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto. Jirani akanitazama mimi, akamtazama mtoto anayelia, akasema, "Mama nanihii, hasira yote hiyo ya mbuzi?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe, maana wewe hutanikatiza.

Sisi tumekulia Ifakara, upande wa kuelekea Katindiuka, kwa bibi mzaa baba. Mama alikuwa ameolewa tena Mahenge, na katika nyumba ile ya Mahenge jina la baba halikutajwa. Baba alikuwa mvuvi. Homa ilimchukua nikiwa na miaka miwili, kaka yangu ana sita. Alikuwa na picha moja tu, na hiyo ilikwenda na mafuriko pamoja na sanduku la bibi. Kwa hiyo kaka alikuwa na sura ya baba kichwani, na mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa nikisikia "unafanana na baba yako" ninakwenda kujitazama kwenye maji ya ndoo.

Nilipokuwa darasa la saba hakukuwa na simu ya kupakua chochote mtaani kwetu. Kulikuwa na banda la gemu. Mbele lilikuwa duka la kanga, sabuni na betri. Nyuma, ukipita pazia, unakuta televisheni tatu na mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya watoto. Mwenye banda alikuwa mtu wa asili ya pwani, mpole, mwenye kofia, na ikifika saa ya swala alizima mashine zote hata kama uko kwenye penalti. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Vumbi la pumba liliingia mpaka kwenye meno. Hadi leo nikisikia harufu ya pumba mpya, vidole gumba vyangu vinacheza vyenyewe.

Msichana nilikuwa peke yangu mle. Mwalimu wa hisabati alishatangaza mbele ya darasa kwamba mimi nitaolewa na pedi ya gemu. Sikujali. Kaka ndiye aliyenipeleka, na kaka alikuwa bingwa, nani angenigusa?

Kila mchezaji wa maana alikuwa na kadi yake, kipande cha plastiki cheusi, kidogo kuliko kiberiti, kinachotunza timu yako ili kesho uanzie ulipoishia. Gemu letu lilikuwa la mpira, na lilikuwa na sehemu ya kutengeneza mchezaji wako mwenyewe: urefu, rangi, nywele, macho, pua. Wenzetu walijitengeneza wao, wakajipa misuli. Kaka alimtengeneza baba.

Alianza kimya kimya. Siku moja akakwama kwenye pua, akaenda kumwita bibi.

Hebu piga picha. Bibi katoka shambani, jembe begani, miguu ina matope mpaka magotini, anapita pazia la banda la gemu. Watoto wote wakasimama. "Shikamoo bibi, shikamoo bibi," kama wako gwaride. Mwenye banda akatoa kigoda chake mwenyewe. Bibi akaegemeza jembe ukutani, akakaa, akasogeza uso karibu na kioo.

"Haya, mume wangu," akamwambia kaka, kwa utani wao wa bibi na mjukuu, "nionyeshe huyo mtu wako."

Kaka akamwonyesha.

"Huyu? Mimi sikuzaa mtu mwenye pua ya kuku."

Banda zima likaanguka kicheko. Kaka akabonyeza, pua ikapanuka. "Bado. Hapo umezidisha, hiyo ya shangazi yako. Rudi. Rudi... Ee." Kisha masikio, kisha kidevu. Kuna kijana akajitia kushauri ndevu, bibi akamgeukia, "Wewe ulimjua?" Kijana akarudi nyuma ya wenzake. Walichukua muda mrefu, na hakuna aliyedai zamu yake. Mwishowe bibi akaacha kusahihisha. Akafuta mkono kwenye kanga, akaugusa uso ule kwenye kioo, hapa shavuni.

"Anacheza wapi?"

"Bado sijampanga, bibi."

"Mweke golini. Mtu wa nyavu akae kwenye nyavu."

Ndivyo nilivyomwona baba yangu kwa mara ya kwanza. Usinicheke. Alikuwa na mabega mapana na macho yaliyotulia, na alipodaka mpira aliukumbatia kifuani na kukaa nao kidogo kabla ya kuupiga. Banda zima lilimwita Mzee. "Mzee kadaka!" "Oya, kwa Mzee hupiti, kapige nje!" Akiokoa penalti, kaka alisema kwa sauti ya chini, "Shikamoo baba." Na jioni bibi, akiwa anasuka mkeka wake wa ukindu, aliuliza kila mara, "Mwanangu hajambo huko?" Kaka akajibu, "Hajambo, bibi. Anadaka."

Mpunga ulipoanza kutoa masuke mwaka ule, zamu ya kwenda kuamia ndege ilikuwa yangu. Unajua kazi ile: wiki nzima na nyingine unakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya shamba, unapiga debe na kurusha udongo toka alfajiri mpaka ndege walale. Kaka akasema, "Wewe una mtihani. Soma. Nitakwenda mimi na bibi." Asubuhi ya kuondoka akaniachia kadi yake ndani ya soksi, imefungwa kwa uzi.

"Cheza nayo. Ila usimpe mtu, na usiguse wachezaji."

Alikuwa hajafikisha siku nne huko shambani, mwenye banda akarudi kutoka Morogoro kununua bidhaa, na mfukoni ana kitu. Vijana fulani wa mjini walikuwa wamekaa na kompyuta wakatengeneza nyongeza ya gemu letu: timu za kwetu. Zile timu mbili kubwa zinazowagombanisha watu mpaka kitandani, za jezi nyekundu na jezi za kijani, na nyingine za mikoani, na majina ya wachezaji tunaowasikia redioni. Alibandika karatasi mlangoni: TIMU ZA BONGO ZIMEFIKA. KUWEKEWA KWENYE KADI NI BURE.

Siku ile banda lilijaa mpaka watu wakachungulia dirishani. Watu wazima waliacha baiskeli barabarani. Mtangazaji wa gemu alikuwa anabwabwaja Kiingereza chake kama kawaida, lakini pale juu limeandikwa jina la mtu wa Tanzania, na hilo peke yake lilitosha kumliza mzee mmoja muuza mihogo. Kila mtu akatoa kadi. Nami nikabaki na soksi yangu, nacheza na timu za Ulaya kama mgeni kwenye msiba.

"Wewe binti wa Mzee," wakanianza, "bado uko Ulaya? Umesahau kurudi nyumbani?"

"Mwacheni, ile siyo kadi. Ile ni jumba la makumbusho."

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu nikaifungua soksi.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana nimejidanganya sana kuhusu hapa. Kadi ilibeba faili moja tu la wachezaji. Likiingia jipya, la zamani linafutika. Mwenye banda alinieleza hivyo hivyo, polepole, kisha akaniuliza, "Hii si ya kaka yako? Amekubali?" Nikasema amekubali. Mashine nayo ikauliza, ndiyo au hapana. Mwenye banda alikuwa anamhudumia mteja wa sabuni. Nikabonyeza mwenyewe. Nilijua. Nilijiambia nitamtengeneza tena, nimemwona kila siku, nitashindwaje?

Raha ile ilidumu wiki moja na kitu. Kisha malalamiko yakaanza, na nakuapia, hakuna mtu mkali kama aliyepewa kitu bure. "Mbona straika wetu wamempa mguu wa kushoto? Huyu ni wa kulia!" "Huyu beki alishastaafu, sasa hivi anauza chipsi Mbagala!" "Kipa wetu ana rasta, nyie mmemwekea upara!" Wa jezi ya kijani wakasema waliotengeneza ni wa nyekundu. Wa nyekundu wakasema jezi yao imefifia makusudi. Kuna mmoja alimdai mwenye banda aombe radhi.

"Jamani," mwenye banda akasema, ameshika kofia, "kitu cha bure mnakinunia?"

"Bure ndiyo, lakini umetutia aibu!"

Wakaanza kurudi Ulaya mmoja mmoja. Wao waliweza: walikuwa na kadi nyingine nyumbani, au hawakuwa na kitu cha kupoteza. Bibi alikuwa na msemo, cha bure huja na njaa yake. Nilidhani anasema kuhusu wali wa misibani.

Mimi nilikaa kwenye ile sehemu ya kutengeneza mchezaji siku tatu mfululizo, mtihani uko mlangoni. Nikapanua pua, nikapunguza pua. Nikipata kidevu, macho yanakataa. Kila aliyetokea alikuwa mtu tu, mtu unayeweza kupishana naye sokoni. Nikamwendea mwenye banda nikilia, nikamwomba anirudishie ya zamani. Akashika kichwa. "Mwanangu, uliniambia amekubali. Ningejua ningenakili kwanza."

Kaka alirudi na bibi, ndege walipokwisha kula fungu lao na kukata tamaa. Miguu imepasuka, sauti imekauka kwa kupiga kelele, na ameniletea pepeta kwenye mfuko, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa ukiwa wa moto, kwa sababu anajua naipenda. Nikaila. Sikujua nifanye nini kingine. Akaoga, akachukua soksi, tukaenda.

Alipoweka kadi nilisimama nyuma ya benchi. Timu ikapangwa. Golini akatokea kijana mwembamba mwenye upara.

"Mzee yuko wapi?" mtu akauliza.

"Umeme ulikatika," nikasema.

Mwenye banda alikuwa pale. Alisikia, akapita pazia kurudi dukani. Kaka naye hakugeuka. Aliziona zile timu za nyongeza kwenye orodha, hakuwa mjinga. Alimtazama yule kijana wa golini mpaka muda wake ukakaribia kwisha bila kupiga mpira hata mmoja, kisha akampa wa jirani pedi, akanirudishia soksi, akatoka. Hakuwahi kuingia banda lile tena.

Natamani angenipiga. Kweli. Jioni ile bibi alikuwa anachambua mboga, akauliza kama siku zote, "Mwanangu hajambo huko?"

Nikaacha kutafuna pepeta yangu. Kaka alinitazama mara moja tu.

"Hajambo, bibi. Anadaka."

Amejibu hivyo miaka yote. Alipohamia Kisawasawa kulima, akija kumsalimia bibi anaulizwa, anajibu. Bibi alipolala kitandani masika iliyopita, na majina ya watu yamemchanganyika, hilo hakulisahau. Aliuliza, akajibiwa, akatikisa kichwa akaridhika. Tulimzika hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pembeni ya kitanda na mdomo wangu, na nilikuwa na miaka zaidi ya kumi na tano ya kusema samahani, na sikuisema kwa bibi wala kwa kaka.

Banda halipo. Pale sasa wanauza pembejeo, na mashine ya kukoboa imehamia barabara kuu. Mwenye banda alirudi pwani kwa ndugu zake. Watoto wanachezea kwenye simu, kila mmoja kwenye kona yake, na nyongeza zinakuja zenyewe kila wiki, hakuna hata wa kukuuliza kama kaka yako amekubali.

Usiku ule nilipomfokea, mwanangu alilala bado ana kwikwi. Kesho yake asubuhi nilimwomba radhi, nikamwachia apakue jiko lake jipya. Kisha nikampigia kaka. Tukasalimiana, tukazungumza mvua. Halafu nikasema yote, hata ule uongo wa umeme. Akasikiliza.

"Hayo nayajua, mdogo wangu."

"Basi niambie. Pua yake ilikuwaje? Nataka kumwelezea mtoto."

Alikuwa barabarani. Nikasikia kengele ya baiskeli upande wake, na mtu akimsalimia.

"Naikumbuka ile ya kwenye gemu," akasema. "Ile aliyoikubali bibi."

"Na ya kweli?"

"Ya kweli sinayo tena. Nilishaihamishia kule, nikaacha kuikumbuka."

Kadi ninayo bado, ndani ya soksi ile ile. Nimezunguka Ifakara yote nikitafuta mashine ya kuisoma, mafundi wananicheka. Hata ningeipata, najua kilichomo: jezi za kijani, jezi nyekundu, na golini amesimama mtu ambaye simjui.