Mikono Yangu na Shairi la Ajiambo

Nilisikia viatu kabla sijamwona aliyevivaa. Viatu vizito kwenye saruji, nyuma ya mgongo wangu, kisha viti vya plastiki vikiburutwa kama watu wanampisha mkubwa, na mimi (chekeni tu, hata mimi hujicheka nikiwa peke yangu, ingawa kicheko chenyewe hakifiki mbali) sikugeuka, kwa sababu anayeongoza shairi huwapa wazazi mgongo na watoto uso, na siku hiyo nilikuwa nimejaa sifa mpaka masikioni.

Nilikuwa nimetoa riwaya moja, ikasomwa na marafiki zangu na mama yangu, basi nikajiona nimetumwa. Nikamwendea mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa Malaba, mpakani na Uganda, nikamwomba Ijumaa zake, nikawaambia watoto wa darasa la sita waachane na mashairi ya miti na usafi, waandike wanachokiona wakiamka. Wakaandika. Mungu wangu, waliandika! Malori yaliyolala barabarani kama ng'ombe waliochoka, muuza mayai anayewaamsha madereva kwa kugonga kioo. Lakini Ajiambo, msichana mwembamba wa dawati la mbele, ndiye aliyenikata pumzi. Aliandika juu ya mtu anayevuka mto alfajiri, sukari ya Uganda kichwani, maji kifuani.

"Mtu gani?" nikamuuliza.

"Mtu tu, Mwalimu."

"Shairi halimjui mtu tu. Ni nani?"

Akaangalia vidole vyake vya miguu. "Ni mama."

"Basi andika mama."

Mkasa wote umetoka hapo. Mimi mtoto wa Busia mjini nilipaswa kujua kwamba mpakani kila mtu anajua nani huvuka na nini bila kulipa ushuru, na chifu mwenyewe hukoleza chai kwa sukari hiyohiyo, lakini halisemwi, maana siku likisemwa mbele ya watu, anayekula mshahara wa serikali hana budi kushtuka.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alitegemea shairi la miti. Nilimbadilishia bila kumwambia (nilitaka kumshangaza, na kweli alishangaa). Shule nzima nilikuwa nimeifundisha kuitikia "Vuka, Mama, vuka!", na ishara ilikuwa moja: nikiinua viganja, sauti ipande.

Ajiambo alianza vizuri.

"Alfajiri mto unaita, Mama ameshaingia!"

"Vuka, Mama, vuka!"

Wazazi walicheka, wakapiga makofi. Ndipo viatu vikaingia, na Ajiambo akanyamaza, macho yake yakapita juu ya bega langu yakaganda huko. Mimi nikadhani amesahau mistari. Nikamnong'oneza, "Endelea, usiogope," nikainua viganja, na yeye, mtoto mtiifu, akaendelea.

"Na Chifu akija anakunywa chai, haulizi sukari imetoka wapi!"

Kicheko kikakatika. Nikageuka. Chifu alikuwa amekaa mstari wa mbele, na kando yake mkubwa wake kutoka Busia, mgeni ambaye hakuna aliyetuambia anakuja. Nikawarudia watoto nikipunga viganja juu, nyamazeni, nyamazeni, nao wakaona mwalimu anataka sauti zaidi.

"VUKA, MAMA, VUKA!"

Nilivyozidi kupunga ndivyo walivyozidi kupaza, mabati yakavuma, hata wadogo wa chekechea wakadakia wakirukaruka, mpaka mwalimu mkuu alipoishika mikono yangu yote miwili akaishusha kama anamkamata mwizi.

"Chifu," mkubwa akasema, midomo ikitabasamu na macho yakikataa, "kumbe chai yako tamu hivyo?"

Chifu alisimama, akawatafuta askari wake wawili waliokuwa mlangoni. "Nendeni kwa huyu mama. Saa hii."

"Chifu, jana si ulikaa kwangu?" Mama Ajiambo alikuwa ameinuka, kitenge kimeanguka begani. "Si ulikunywa vikombe viwili?"

"Mama, usiniharibie kazi," Chifu akasema, kwa sauti ndogo, karibu ya kuomba.

Sukari yote ilibebwa, na kibanda alichouzia Mama Ajiambo kikafungwa kabla wazazi hawajamaliza soda. Nilikimbia kwa Chifu, nikamwambia ni shairi tu, ni mambo ya kubuni. Akanitazama kwa huruma, nadhani. "Boss, wewe ndiye ulimwambia aseme kweli. Sasa unataka niseme anadanganya?"

Siku hizi bado nafundisha. Ila mtoto akiniletea "mtu tu", nampokea huyo mtu tu, nampa kiti, simuulizi jina. Nimeapa, na kiapo hiki hakimrudishii mtu gunia la sukari.

Jioni ile nilibaki darasani nikipanga viti. Mama Ajiambo akaingia kumchukua binti yake, aliyekuwa bado ameketi dawati la mbele.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Kesho tunarudi Namboboto kwa nyanya yake. Tutalima."

"Na shule?"

"Mwalimu, wacha." Hakupandisha sauti. "Ajiambo, twende."

Msichana akasimama, akanitazama. "Mwalimu, nilisoma vizuri?"

Nikainua viganja, nikakumbuka, nikavishusha. Mama yake akamshika mkono, wakatoka, akaurudisha mlango taratibu, kama mtu anayefunga chumba chenye mgonjwa.