Joho la Mtu Juu ya Jiwe

Jamani, nichekeni tu, aibu yenyewe imeshazunguka ukoo mzima, lakini mimi hasira bado ninazo na wala sizifichi.

Ninakaa mtaa wa chuo hapa Mwanza, nyumba za kupanga zimebanana katikati ya mawe, muziki tangu asubuhi, na nyuma ya chumba changu kuna jiwe kubwa ambalo ukisimama juu yake unaliona ziwa lote. Mimi si mwanafunzi, ni fundi cherehani (chuo nilianza, nikaacha baba alipougua, na mama analisikitikia hilo mpaka leo). Juu ya jiwe hilo ndipo ninapoanika mashuka, kwa ngazi ya kuazima. Sasa mahafali yakifika wahitimu wanaligeuza studio, mpiga picha anaegemeza ngazi yake, wanapanda na majoho yao kana kwamba wamelinunua!

Jumamosi moja nikasikia vicheko, kutoka nje nakuta shuka langu jeupe wanalikanyaga na viatu. Nikasema leo watanitambua, nikapanda ngazi huku nafoka, na kabla sijafika juu sketi ikanasa kwenye msumari, ikachanika nyuma yote. Binti mmoja akanihurumia, akavua joho lake.

"Dada, jisitiri kwanza na hili, nitalifuata."

Nikamalizia kupanda, nikavaa (ningefanyaje, na chini watu wamejaa?). Wakashuka wote, mimi nikabaki nakusanya shuka langu, na yule mpiga picha, mtu mzima na ndevu zake, akabeba ngazi akaondoka nayo!

"Wewe! Rudisha ngazi!"

Akanipungia mkono. Eti kadhani namshukuru.

Ndugu wa wahitimu kuniona pale juu peke yangu, joho linapepea, wakaanza vigelegele, na kila nikipiga kelele nishushwe wao ndiyo wanazidisha. Na kati yao nani? Mjomba Bulugu, kaka yake mama, katoka Sengerema kumpongeza mtoto wa rafiki yake.

"Mpwa wangu! Kumbe ulikuwa unasoma kimya kimya!"

Hakungoja jibu. Akapiga picha, akairusha kwenye kundi la ukoo, na mimi bado niko juu simu yangu ikaita. Mama. Analia.

"Mwanangu, Mungu amenisikia."

Nilikuwa nimejaa matusi ya kumpa mpiga picha, nikayasahau yote.

"Mama, joho si langu. Nilifuata shuka."

Nikamsikia anapenga kamasi. Halafu akasema taratibu, "Lakini limekukaa vizuri."

Ngazi aliirudisha yule binti, anahema, anaomba radhi mpaka nikamsamehe. Mpiga picha yeye akaja nyuma yake, hana hata haya, ananiuliza nataka picha yangu ya saizi gani!

Nimeapa, hilo jiwe sipandi tena, shuka walikanyage watakavyo, na nguo ya mtu hata nikibaki uchi sivai. Ila mama picha kaisafisha, kaitundika sebuleni kwake, wageni wanapongeza naye anaitikia asante, na mimi nikiwa hapo hapo natazama sakafu. Mwezi uliopita uvumilivu ukanishinda.

"Mama, itoe basi, ni uongo ule."

Hata hakugeuka, anachambua mchele wake.

"Nitaitoa ukiniletea ya kweli."