Mkwe na Mama Mkwe Ndani ya Pango la Amboni

Siku yangu ya kwanza ya kazi, stendi ya Busia, tulikuwa watu wanne. Alikuwepo Mzee Salim, mwenye basi, Mwislamu mzaliwa wa Tanga aliyekuja kwetu kuuza vitambaa akabaki. Alikuwepo dereva wake, Makokha wa Butula. Alikuwepo Emojong wa Chakol, tanboi, yaani yule wa kupandisha mizigo juu ya keria. Na mimi Auma, nikikaanga mandazi kando ya ukuta. Makokha alikuwa amemwoa Ajiambo, binti ya Senge Nafula wa Khunyangu. Senge kwetu ni shangazi. Huyo Nafula ni dada ya baba yangu. Basi Makokha alikuwa shemeji yangu.

Asubuhi hiyo gari lilishindwa kuondoka, na injini ilikuwa nzima. Mama mmoja alipanda akamkuta mume wa binti yake ndani. Akashuka. Mkwe naye akashuka. Wakasimama nje, huyu anaangalia Uganda, yule anaangalia Kisumu. Kwetu Marachi mama mkwe na mkwewe hawakai pamoja, hawali pamoja, na wakigusana, kondoo anachinjwa na habari inazunguka vijiji vyote. Mzee Salim hakujua hayo, alipiga kelele tu. Nikaacha karai, nikampandisha mama nikamweka mbele, mkwe nikampeleka nyuma kabisa, katikati nikajaza watu wasio wa ukoo wao. Gari likaondoka.

"Wewe mama, umewajuaje wote hawa?" Mzee Salim akaniuliza.

"Hawa ni watu, Mzee. Watu wanajulikana."

"Basi acha mandazi. Utanipangia watu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpanga viti. Ninyi vijana mtacheka, lakini ilikuwa kazi. Kabla sijamwonyesha mtu kiti namuuliza kwao wapi, ameolewa wapi, na anaenda kwa nani. Kusoma nilisoma kidogo sana, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Baadaye nilihamishiwa Malaba, chini ya meneja, Bwana Oduor, mtu wa kuvaa tai na kofia hata siku ya jua kali. Aliniambia, "Auma, abiria ni mzigo unaoongea. Ukiupanga vibaya, utakusema."

Miaka michache baada ya uhuru, Mzee Salim akapata wazo la safari ya matembezi: basi zima, kutoka Malaba na Busia mpaka Tanga, kwenda kuona pango la Amboni. Alitueleza kwamba mawe yake ni ya chokaa. Maji yanadondoka kutoka juu, kila tone linaacha chokaa kidogo, na jiwe linaota kuelekea chini kama chuchu ya ng'ombe. Wa kwanza kuja kuomba kiti alikuwa Senge Nafula. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu.

"Nimechimba udongo tangu nikiwa msichana," alisema. "Nataka nione shimo ambalo sikulichimba mimi."

Shida ilikuwa dereva, mkwe wake. Njia ya Tanga aliijua Makokha peke yake. Bwana Oduor akasema, "Mama huyo abaki. Pango si uwanja, watu wanapita wamebanana."

"Basi Makokha abaki nje na gari," Emojong akasema.

"Mimi?" Makokha akaruka. "Niendeshe mpaka Tanga halafu nifungwe nje kama mbuzi? Ng'o!"

Mzee Salim akaniangalia. "Auma, ukiweza kuwaingiza wote na kuwatoa bila aibu, safari zote za matembezi zitakuwa chini yako. Aibu moja tu, karai lako linakungoja."

Nikamwomba anionyeshe pango. Akalichora kwa maharagwe juu ya meza: mlango, mahali pembamba pa kupita mmoja mmoja, halafu chumba cha mviringo, na njia ya kutokea ni ileile ya kuingilia. Nikaamua makundi mawili. La Senge litoke kabisa ndipo la Makokha liingie. Ndani ya basi haikuwa kazi: Senge kiti cha mwisho, na hapandi mpaka Makokha awe chini anakagua magurudumu.

Tukafika Amboni. Mwongozaji, Mzee Kombo, akatuangalia akasema, "Leo niko peke yangu, na karabai ni moja. Naingiza kundi moja tu."

Mpango wangu ukafa hapo mlangoni. Senge alikuwa ameshajifunga leso kiunoni, tayari. Nikapumua, nikapanga upya: Senge mbele, nyuma ya taa. Makokha mwisho. Katikati wengine wote, nikianza na Emojong, kwa sababu yeye ni wa kabila la Wateso, hana undugu na yeyote pale.

Tukaingia. Mawe yale! Mengine yamening'inia, mengine yameota kutoka chini, mengine yameshikana yakawa nguzo. Senge alikuwa anayagusa akisema, "Huyu mfinyanzi hana haraka." Lakini maharagwe ya Mzee Salim hayakunifundisha jambo moja. Ndani ya mviringo, watu wakifuata ukuta, wa kwanza anazunguka mpaka anamkuta wa mwisho. Nilipoinua macho, Senge na Makokha walikuwa karibu kugongana mabega. Na hapo popo akaipiga karabai, ikazimika.

Watu wakapiga mayowe, wakaanza kusukumana. Nikapaza sauti kuliko wote. "Simameni! Anayesukuma atarudi Malaba kwa miguu! Nikikuita, jibu."

"Senge Nafula!"

"Niko hapa, mtoto wangu." Sauti ikatoka kushoto.

"Makokha!"

"Hapa, shemeji." Kushoto vilevile.

"Makokha, geukia ukuta, ukumbatie jiwe. Senge, chuchumaa. Emojong, fuata sauti ya Senge. Senge, imba!"

Akaimba wimbo wa kukandia udongo. Emojong akaja akipapasa, nikamwita Mama Akisa wa Malaba naye akaja, halafu Bi Rehema mwenye duka la Busia, nikawajaza katikati jina kwa jina. Mzee Kombo akawasha kibiriti. Makokha alikuwa amekumbatia nguzo ya chokaa kama bibi arusi, na Senge amechuchumaa, mgongo kwake, anacheka mpaka machozi. Katikati yao ukuta wa watu.

"Mwambieni huyo," Senge akasema bila kugeuka, "jiwe hilo bado linaota, asilivunje."

Pango zima likacheka. Tukatoka juani tukipiga vigelegele, na hakuna kondoo aliyechinjwa.

Tuliporudi Busia, Emojong alimsimulia Mzee Salim kila kitu kabla hata hajashusha mizigo. Mzee akaita stendi nzima akatangaza, "Kuanzia leo, safari za matembezi bosi ni Auma." Bwana Oduor, aliyekuja kutoka Malaba kutupokea, akanivulia kofia. Niliziongoza mpaka magoti yalipokataa kupanda ngazi za basi, na hakuna mkwe aliyemgusa mama mkwe chini ya mkono wangu. Leo wajukuu wananiambia watu wanakaa popote. Sawa, wakae. Mimi nilifanya kazi iliyotakiwa wakati wangu, na niliifanya vizuri.

Kama ulikuwa kwenye mstari ule, au mama yako alikuwepo, na nimemweka mahali ambapo hakusimama, njoo uniambie. Nitamrudisha kwenye nafasi yake.