Simu Iliyopimwa kwa Hatua

Sisi tuliokulia Gesima, kijijini huko Kisii, siku zile ambazo kilima kizima kilikuwa na simu moja, tulijua kulinganisha simu kuliko mtu yeyote. Nasema hivi kwa unyenyekevu. Enzi zetu simu ilikuwa na mambo manne ya kuangaliwa, na hakuna hata moja lililohusu picha. Kwanza, inashika mtandao ukiwa umesimama wapi. Pili, chaji yake itafika siku ya soko, maana betri ya gari ya kuchajia ilikuwa huko sokoni. Tatu, ikianguka kwenye jiwe, kinachovunjika ni nini. Nne, nani anaruhusiwa kuishika. Hilo la nne vijana wa leo hawalijui kabisa, na ndilo lililotaka kuvunja nyumba yetu.

Mpwa wangu Brayo anaishi Kisii mjini, na kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kufungua maboksi. Anaweka simu mbili mpya mezani, anazigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya, kisha anawaambia watu mtandaoni wanunue ipi. Ana saa inayompimia mapigo ya moyo, ingawa sijaona jambo lililowahi kuushtua moyo huo. Juzi alikuja kunionyesha simu inayopiga picha mwezi mpaka mashimo yake yakaonekana. "Aunty, hii kamera ni moto," aliniambia. Nilimuuliza mwezi umemkosea nini. Akaniambia sielewi teknolojia.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, kabla hatujaiona simu yenyewe, tulijitengenezea zetu za magamba ya mgomba. Ulikata gamba la ukubwa wa kiganja, ukachomeka mbegu zikawa vibonye, na njiti ya ufagio ikawa antena. Tulizungumza nazo tukitoka shuleni, miguu mitupu kwenye udongo mwekundu unaoteleza, majani ya chai yakitulowesha mapaja, matumbo yakinguruma. Kila mtu aliisifu yake. Yangu ilikuwa na vibonye ishirini kwa sababu sikujua simu ina vingapi, nikadhani wingi ndio ubora. Fikra hiyo naisikia mpaka leo kwa Brayo. Jioni tulikula ndizi za kuchemsha na chinsaga, ile mboga chungu ambayo mama zetu waliipika na maziwa mpaka uchungu wenyewe ukakubali yaishe, na simu zetu tukaziacha nje. Asubuhi zilikuwa zimejikunja. Toleo jipya lilitoka kila siku.

Simu ya kweli ilipofika ilikuwa ya Sokoro, ndivyo tunavyomwita babu kwa Kigusii. Alikuwa baba yake baba yangu, mkulima wa chai na mzee wa kanisa la Kisabato, mtu mrefu aliyecheka mara chache na kila mara akatoa sababu. Simu yake ilikuwa na antena nene na uzito wa kutosha kufukuzia mbwa. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, chini ya mti wa avokado uliokuwa ukingoni mwa shamba la chai, basi simu ikahamia huko, ndani ya mfuko wa kitambaa uliotundikwa tawini. Ikilia, aliye karibu aliikimbilia. Mvua ikinyesha, simu iliondolewa kabla ya watoto. Baba yangu alikuwa Mombasa, mpishi wa hoteli, naye alipiga kila Jumapili alasiri.

Mgusii yeyote wa umri wangu ameshaliona tatizo. Kwetu kuna chinsoni, heshima yenye mipaka kati ya mtu na wakwe zake. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hampi mke wa mwanawe mkono. Akitaka kumpa kitu anakiweka chini, naye anakiokota. Wazee wa zamani walilipanga jambo hili likakamilika, ila hawakuacha neno lolote kuhusu simu. Kwa hiyo Sokoro na ndugu zake wawili walikaa kulijadili. Je, simu ni kama kiti, ambacho mke wa mwana anaweza kukipangusa? Au ni kama blanketi? Walizingatia kwamba simu hubanwa shavuni, na hupokea pumzi, jasho, na kwa baadhi ya watu mate. Mmoja alipendekeza iwe inapanguswa kati ya mtu na mtu. Wakamuuliza kama blanketi likipanguswa huacha kuwa blanketi. Ikaamuliwa kwamba simu ni blanketi, na Mama asingeishika. Hakuna aliyekasirika, hata Mama mwenyewe, kwa maana hukumu ilikuwa ya haki kulingana na ushahidi uliokuwapo.

Mimi nilikuwa mjukuu, na kwetu babu na mjukuu hutaniana bila mpaka, kwa hiyo nikateuliwa kuwa mdomo wa Mama. Nilikuwa darasa la tano. Jumapili nilisimama chini ya mwavokado na simu sikioni, Mama akasimama mlangoni pa jikoni, tukapelekeana habari kwa sauti iliyofika kwa majirani. "Mwambie ng'ombe amezaa." Nilimwambia. "Mwambie paa linavuja." Nilimwambia, na hapo nikaongeza kwamba viatu vyangu pia vinavuja. Majibu ya Baba yalikuwa marefu na mengine matamu, lakini niliona haya kuyapaza mbele ya Sokoro, basi nikayafupisha yote. "Amesema amesikia." Kwa mwaka mzima, kila alichosema Baba kwa mkewe kilimfikia kikiwa "amesikia." Sikujua nilikuwa nafanya nini.

Kisha mwanamke mmoja wa sokoni aliyekuwa na ndugu Mombasa alirudi kutoka huko na habari kwamba Baba ana nyumba nyingine huko, na kwamba nyumba hiyo ina mapazia. Mama hakulia. Alianza tu kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Jumapili iliyofuata, simu ilipolia, hakutokea mlangoni. Nilimfuata jikoni nikamwuliza nimwambie Baba nini.

"Mwambie tuko wazima," alisema. "Neno nililo nalo halipiti kwa mdomo wa mtoto."

Nilimshauri aandike barua. Nilikuwa na alama nzuri za insha.

"Nimeandika mbili. Barua haina pumzi. Mimi nataka nimuulize na mdomo wangu, nisikie vile atanyamaza."

Kulikuwa na simu ya kulipia pale sokoni, lakini huko ukinong'ona foleni nzima hukujibu. Siku chache baadaye niliiona leso yake chini ya kitanda, imefungiwa nguo zake zote, na nikamsikia akimwambia jirani kwamba shule zikifungwa atarudi kwao Nyacheki. Mke akirudi kwao, watoto hubaki. Hakuna aliyehitaji kunieleza hilo. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda, na mimi sikuwa mtoto wa kushindwa na chakula.

Nilimwambia Sokoro. Alikuwa amekaa akimenya muwa.

"Mama anaenda kwao."

"Nani amekwambia?"

"Nguo zake zimefungwa."

Alikata kipande cha muwa akanipa, akakata chake, tukatafuna. Sikuona uso wake ukibadilika. Nilidhani hajali, na nikamchukia kwa muda wa muwa mzima. Jumatatu asubuhi aliniambia nivae viatu, twende Kisii.

Duka lilikuwa la Bwana Kanti, Mhindi aliyezaliwa mjini pale na aliyejua Kigusii cha kutosha kukataa kupunguza bei. Sokoro alimwambia anataka simu ambayo mtu anaongea bila kuishika. Bwana Kanti alileta mbili. Ya kwanza ilikuwa ya buluu, ina kioo kipana na mchezo wa nyoka, nami nikaipenda hapo hapo kwa moyo wangu wote. Ya pili ilikuwa ya kijivu na ilionekana kama imeshachoka ndani ya boksi.

"Mzee, hii ya buluu iko na spika kubwa," alisema Bwana Kanti. "Ukiweka kwa meza, boma yote inasikia. Hii ingine spika yake ni ya kulalamika tu. Watu wananirudishia."

"Weka zote hapa," alisema Sokoro. "Wewe ingia huko ndani, upige, uongee."

"Niongee nini?"

"Hesabu."

Bwana Kanti aliingia stoo akapiga simu ya buluu na kuanza kuhesabu. Sokoro akaigeuzia mgongo, akatoka mlangoni kwa hatua ndefu sawasawa, kama anayepima shamba, akavuka barabara, bodaboda zikimkwepa, mpaka kwa akina mama waliokuwa wakiuza mikungu ya ndizi. Alisimama kati yao akatega sikio. Mmoja alimwuliza amepoteza nini. Hata huko sauti ya Bwana Kanti ilimfikia, imefika arobaini na tatu. Sokoro alitikisa kichwa kwa masikitiko, akarudi.

Ya kijivu haikuvuka barabara. Kwenye hatua ya ishirini alisimama, akaenda mbele moja, akarudi nyuma moja, akaenda tena, mkono sikioni. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Kisha akarudi ndani.

"Hii."

"Mzee, hiyo ndio haisikiki."

"Nimesikia vile haisikiki. Funga."

Nililia kuanzia Kisii mpaka Gesima. Nilikuwa nimeshawaambia wenzangu watatu kuhusu mchezo wa nyoka, nao walikuwa wanakuja kuuona. Zaidi ya hapo, niliona mzee wangu amezeeka, amepewa kizuri na kibovu akachagua kibovu mbele za watu. Alinikabidhi boksi nilibebe.

Jumapili alileta kigoda chake chini ya mwavokado, akaweka simu ya kijivu juu yake, akaniambia nimpigie Baba na nibonyeze ile ya spika. Sauti ya Baba ikatoka, nyembamba, ikisema halo, halo. Sokoro aliinama kidogo.

"Usikate," alimwambia mwanawe. "Kuna mtu anataka kukuuliza kitu. Mimi naondoka." Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni bila kutazama huko na kusema, si kwa mtu yeyote, kwamba simu iko kwenye kigoda na haihitaji kushikwa. Mimi nikajiweka sawa kwa kazi yangu. Akanishika bega.

"Wewe pia."

Tuliteremka kati ya mistari ya chai, yeye akihesabu kwa sauti ya chini. Kwenye ishirini hakusimama. Alifika thelathini.

"Kumi za upepo," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tulikwenda Kisii, na kwa nini alivuka barabara ile. Nilijaribu kugeuka, akanirudisha kichwa kwa kiganja. Tulisimama tumewapa mgongo. Nilitega masikio yangu yote mawili, mimi niliyezoea kusikia kila kitu, na nikasikia upepo na kuku wa jirani. Ili mikono isikae bure, Sokoro alianza kuchuma chai, majani mawili na kichipukizi, kama inavyotakiwa, na kwa kuwa hatukuwa na kikapu alitia mfukoni mwa koti la kanisani. Mfuko wa kulia ulijaa. Akaanza wa kushoto. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye siku ile.

Mfuko wa kushoto ulipojaa tulipanda tena. Mama alikuwa amesharudi jikoni, na simu ilikuwa pale pale juu ya kigoda, haijaguswa, imeishiwa chaji. Jioni nguo za Mama zilikuwa zimetundikwa mahali pake. Baba alirudi kabla shule hazijafungwa, amekonda, akiwa na begi moja, na hakwenda tena pwani. Anachuma chai mpaka leo. Kuhusu ile nyumba yenye mapazia, sikuambiwa, na sasa nina umri wa kutouliza. Mama na Sokoro hawakulizungumza jambo hili hata siku moja, kwa kuwa chinsoni haina nafasi ya kushukuriana kwa mambo ya namna hiyo. Ila siku moja baada ya Jumapili ile, Mama alinipa bakuli la uji wa wimbi, mzito kuliko tuliopewa sisi, akasema nimpelekee mzee.

Nilimsimulia Brayo haya yote, nikidhani yatamfaa kazini. Alisikiliza vizuri, nampa sifa hiyo.

"Kwa hivyo alinunua simu mbovu makusudi?"

"Ndiyo."

"Aunty, hiyo haiwezi pata watazamaji."

Huenda. Simu za sasa ni nzuri, sina ubishi, na hata Mama ana yake, anaishika anavyotaka na kupigia amtakaye. Nyumbani kwangu tuko wanne na tuna simu sita, tukihesabu iliyopasuka. Mwezi uliopita daktari alinipigia kunipa majibu ya kipimo nilichokuwa nimekiogopa kwa wiki mbili. Nilikuwa sebuleni na watu wangu wote, kila mmoja na kioo chake mkononi na spika zake ndogo masikioni, zile zinazozuia kelele. Nilisikiliza, nikauliza maswali yangu, nikashukuru. Majibu yalikuwa mazuri. Nilipokata simu niliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amesikia hata neno moja, na hakuna aliyekuwa ameinuka kwenye kiti chake, wala kuhesabu hatua hata moja.