Meseji Isiyo na Alama

Miezi mitano mtu mzima anabuni kitu kimoja: namna ya kurekebisha meseji iliyokwisha kutumwa. Usicheke. Ukiibonyeza kwa kidole, kitokee nini? Kalamu? Neno "hariri"? Upewe dakika ngapi kabla mlango haujafungwa? Ofisini, kwenye kampuni ya programu ya meseji, vijana walimwita Babu Kitufe, maana alikuwa na miaka arobaini na sita katikati ya watu wa ishirini na kitu, na aliweza kubishana kutwa juu ya kitufe kimoja. Zamani jina hilo lilimchekesha. Siku hizi aliitikia tu. Amechoka macho, amechoka mgongo, amechoka hata kusema amechoka.

Ubishi wa wiki hiyo ulikuwa mmoja. Mkuu wa timu, dada mkali asiye na maneno mengi, alitaka kila meseji iliyobadilishwa iwe na alama ndogo chini yake: "imehaririwa". Babu Kitufe hakutaka hata kusikia.

"Mtu akiteleza ulimi, mwacheni ajirudi kimyakimya. Mnataka kumfunga kengele shingoni?"

"Na aliyekwisha kuisoma?"

"Atashukuru."

"Babu, wewe unamtetea anayeandika tu. Anayesoma hana mtetezi humu ndani." Akafunga kompyuta yake. "Haya. Tutajaribu ya kwako kwenye simu zetu wenyewe, wiki mbili, bila alama na bila kikomo cha muda. Tuone."

Hawakujua mwenzao ana lake moyoni. Miezi minane nyuma mama yake alivunjika nyonga, akalazwa. Yeye na mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, walikubaliana kupokezana kukaa naye. Zamu ya mdogo ikafika, mdogo hakutokea. Siku ya kwanza hayupo, ya pili hayupo, simu haipatikani. Babu Kitufe, siku ya nne kwenye kiti cha plastiki, akaandika: "Usije tena. Mama ana mtoto mmoja, na mimi sina mdogo." Akatuma. Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Kumbe, mama alikuja kumweleza baadaye, gari lilimharibikia mwenzake porini, pasipo mtandao, na alipofika penye mtandao neno la kwanza kuingia kwenye simu yake lilikuwa hilo. Tangu hapo kimya. Mdogo anakwenda kwa mama siku anazojua kaka hayupo. Na huyo kaka, kwa kiburi cha ukubwa, hakupiga.

Basi toleo la majaribio lilipoingia kwenye simu yake, unadhani alilijaribia kwa nani? Wenzake walikuwa wakihariri "habari za asubuhi". Yeye alijifungia chooni, akafungua mazungumzo na mdogo wake, akaikuta pale pale, meseji ya mwisho kati yao. Akafuta. Akaandika: "Ukipata nafasi njoo. Mama anakuulizia, na mimi nakungoja, mdogo wangu." Ikabadilika kwake na kwenye simu ya mdogo wake pia, na tarehe ile ile ya zamani. Alama hakuna. Alinawa mikono akatoka, mabega mepesi kama ametua gunia.

Zikapita siku kumi na mbili, wala jibu. Mbunifu mzima alisahau kwamba meseji ikibadilika kimyakimya, simu ya upande wa pili hailii. Nani atakwenda kuifukua?

Siku ya kumi na tatu, mchana, katikati ya kikao, simu ikaita. Mdogo wake! Akatoka mbio hadi kwenye ngazi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nisamehe, kaka." Mdogo alikuwa analia, wala hakuficha. "Jana nilikuwa natafuta picha ya mama, nikaikuta meseji yako ya kule hospitali. Kumbe uliniita! Mimi niliona matusi. Nilikuwa sijala, sijalala, sijui nilisoma nini. Miezi minane nakununia, nakukimbia, kumbe kichwa changu ndicho kibovu. Nimemwambia mke wangu anipeleke nikapimwe."

Babu Kitufe akaketi kwenye ngazi. Hebu tazama mambo yalivyomnyookea! Angesema tu "yameisha, mdogo wangu", na yangeisha. Ushahidi haupo popote, maana yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha haupo. Na alivyochoka, jamani, alitamani sana.

"Kichwa chako kizima," alisema. "Ulichokisoma ndicho nilichoandika. Nimekibadilisha juzi juzi hapa kazini."

"Hata lile la kusema huna mdogo?"

"Hata hilo. Nisamehe."

"Sijui, kwa kweli," alisema mdogo. "Ngoja kwanza." Akakata.

Babu Kitufe alirudi kikaoni, akavuta kiti chake.

"Wekeni alama," alisema. "Na mtu akiibonyeza, aone maneno ya kwanza yalikuwa yapi."

Mkuu wa timu akamkazia macho. "Si ulikataa kufa na kupona?"

"Nilikataa."

Hakuna aliyemuuliza zaidi, kwa uso ule. Akaitoa simu chini ya meza, akaifungua meseji ile, akayafuta maneno yake matamu. Kisha akayarudisha ya kwanza, moja moja, vile vile yalivyokuwa. Hakuhitaji kuyakumbuka, alikuwa nayo miezi minane. Usije tena. Mama ana mtoto mmoja, na mimi sina mdogo. Chini yake akaandika mpya, ya leo, itakayolia huko iendako: "Hiyo ya juu niliandika mimi. Hukukosea kusoma."

Kikao kikaendelea, wakabishana ukubwa wa herufi za alama. Hakuwasikia. Karibu saa nzima ilipita, ndipo simu ikatikisika mapajani mwake.

"Nimeiona, kaka."