Siku Niliyomsahihisha Bi Mwanasiti

Nakumbuka siku moja pale Diani, mwanangu, ambayo hadi leo ikinijia hucheka peke yangu jikoni, wajukuu wakauliza, "Bibi, una nini?"

Nilikuwa binti kutoka Msambweni, nimetoka kumaliza kidato cha nne, na alama zangu za Kiingereza zimenivimbisha kichwa. Hoteli moja ikanichukua mapokezini kwa wiki ya majaribio. Nikifaulu, naajiriwa. Nyumbani mama alikuwa akiniombea dua kila swala.

Pale hotelini alikuwapo Bi Mwanasiti, mama wa makamo, mfuaji wa shuka na taulo. Shule hakwenda, Kiingereza alikiokota kwa wageni, miaka na miaka, neno kwa neno. Kilimtoka taratibu, kwa lafudhi ya Kidigo, nami, Mungu anisamehe, nilikionea haya.

Asubuhi hiyo bibi mmoja wa Kizungu alitujia mbio, mkononi ana kifuko cha dawa ya sukari. Mumewe alikuwa na safari ya kutwa ya Shimoni na wageni wenzake, na dawa ameisahau chumbani. Je, basi lipo? Bi Mwanasiti, aliyekuwa akipita na taulo, akamjibu, "They set off, madam." Yaani wameshaondoka. Akaendelea na kazi yake.

Mimi nikajitia mwalimu. Niliamini kila tendo lililopita lazima liote mkia: "walk" huwa "walked," basi "set off" itakuwa "setted off." Kama mama huyu hakusema "setted," basi wageni bado wapo. Nikamwambia yule bibi kwa tabasamu pana, "Ana maana wako karibu kuondoka. Keti tu, basi litapita hapa mbele."

Akaketi. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu.

Bi Mwanasiti aliporudi akamkuta bado ameketi. Akashtuka. "Binti, mbona huyu yuko hapa? Si nimemwambia wameondoka?"

"Ungesema setted off, Bi Mwanasiti."

"Neno hilo halibadiliki, mwanangu. Wakiondoka kila siku ni set off, jana waliondoka ni set off, na wakiwa wameshaondoka ni have set off. Ungeniuliza."

Mgeni alipozisikia hizo "set off" zikifuatana alielewa. Akasimama, rangi imemtoka. Bi Mwanasiti hakupoteza muda kunikemea. "Basi lile hujaza mafuta Ukunda, na dereva hapo hakosi kunywa chai. Kimbia!"

Nikanyakua kifuko cha dawa na baiskeli ya mtunza bustani, sketi ya sare nimeikunja, nikakanyaga kama ninayefukuzwa na nyuki. Kiatu kimoja kilinivuka njiani, sikurudi. Nililikuta basi kituoni, dereva ana andazi la hamri mdomoni, na yule mzee wa Kizungu anajipapasa mifuko akitafuta dawa yake. Nilipomkabidhi, basi zima lilinipigia makofi. Nikapiga goti kwa kuhema, watu wakadhani nawashukuru!

Niliporejea nikamweleza meneja kosa langu mwenyewe, kabla hajaniuliza. Alinikazia macho, kisha akatazama mguu wangu usio na kiatu, akaangua kicheko. Jumamosi akaniajiri. Nikaenda chumba cha kufulia kumwomba radhi Bi Mwanasiti, naye akanipa upande wa shuka. "Shika, tukunje. Na tusome." Tangu siku hiyo tulikunja shuka na maneno pamoja: leo "break down," jana "broke down," gari limeshaharibika, "has broken down." Nilijifunza kwake kuliko darasani.

Basi mwanangu, ukisikia mtu ananena usivyotarajia, usikimbilie kumsahihisha. Huenda kosa liko sikioni mwako. Muulize kwanza, kwani kuuliza si ujinga. Na ukishakosea, mbio zako ziwe za kurekebisha, si za kujificha. Mola akupe ulimi laini na sikio pevu, akujaalie watu wa kukufundisha bila kukuaibisha, na kicheko kisikauke nyumbani mwako. Amin.